Dakika Kumi na Mbili za Délio

Barua ilikwisha kupigwa chapa. Ilikuwa imebaki sahihi tu. Graça aliilaza juu ya meza ya jikoni kwa Bi Deolinda, kando ya rundo la mboga ya sukuma lililokuwa likisubiri kisu, akaweka na kalamu.

"Hapa chini, Bi Deolinda. Jina na tarehe, basi. Nikuletee miwani?"

"Miwani ninayo. Nisomee kwanza."

Bi Deolinda alikuwa akiishi chini, Graça na binti yake juu kabisa, ghorofa ya tatu, katika nyumba moja ya mbao pale Fall River, Marekani. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyepanda ngazi zile bila kupita mbele ya dirisha la Bi Deolinda. Alikuwa mjane, alikuwa na rozari yake, alikuwa na kiti chake. Shule aliishia darasa la nne kule Ureno, kisiwani São Miguel, lakini macho yake hayakuhitaji shule.

Graça akasoma, akigeuza Kiingereza kuwa Kireno kadiri alivyokwenda. Mimi Deolinda Pacheco, si ndugu wa familia hii. Naifahamu tangu mtoto akiwa mdogo. Délio Raposo aliondoka binti akiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo hajaonekana wala kusikika.

"Nani kayaandika haya?"

"Mimi. Wewe ungeanza na historia ya Adamu."

Noélia, binti mwenyewe, alikuwa ameegemea mlango na aproni yake ya dukani, akacheka. Alikuwa na miaka kumi na saba. Wiki tatu nyuma chuo kikuu cha binafsi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kilikuwa kimemkubali. Barua ya kumkubali ilikuwa na pongezi nyingi, ila palipotakiwa kuandikwa msaada wa ada paliandikwa kuwa faili halijakamilika.

"Halijakamilika kwa nini?" Bi Deolinda akauliza. "Mama yako kajaza makaratasi mpaka kapata kibiongo."

"Wanataka ya baba, bibi. Chuo cha serikali kinamuuliza mzazi unayeishi naye tu. Hiki kinawauliza wote wawili, mshahara wake, akiba yake, kila kitu. Asipojaza, sipati hata senti. Lakini wanaweza kuisamehe fomu yake, kama mtu asiye ndugu ataandika kwamba baba hayumo katika maisha yetu."

"Si padri aandike?"

"Padri ana miezi minne hapa. Ananiita Natália."

"Na wasipoisamehe?"

"Dola elfu themanini na mbili kwa mwaka."

Bi Deolinda akafanya ishara ya msalaba.

"Hiyo ni bei ya ukutani, usiogope," Noélia akasema. "Watu kama sisi hawailipi. Wakinisamehe fomu, cha binafsi kinaweza kuwa nafuu kuliko cha serikali. Wasiponisamehe, ndiyo hiyohiyo elfu themanini na mbili. Na mwisho wa kuthibitisha nafasi ni tarehe mosi Mei."

Bi Deolinda alichukua kalamu. Alimpenda mtoto yule. Ndiye aliyekuwa akimtolea pipa la taka kila Jumatano, ndiye aliyekuwa akimsomea barua za hospitali. Akaishusha kalamu mpaka kwenye mstari, ikagoma pale.

"Hajaonekana," akasema. "Graça, hili neno siliwezi. Alikuja."

Graça akamtolea macho ya kumwambia nyamaza, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Nani alikuja?" Noélia akauliza.

"Mara moja!" Graça akasema. "Majilio ya mwaka juzi, kuelekea Krismasi, dakika kumi, akaondoka. Hiyo ndiyo kuonekana?"

"Kumi na mbili," akasema Bi Deolinda.

"Ulimpimia saa?"

"Nilikuwa na mkate kwenye oveni. Nilikuwa natazama saa kwa ajili ya mkate."

Noélia aliivua aproni, akaikunja, akapanda ngazi. Walimsikia mpaka mlango wa juu ulipofungwa.

"Unaona ulichofanya?" Graça akamgeukia Bi Deolinda. "Nilikuomba asijue, ukanikubalia. Na sasa, kwa ajili ya neno moja, mtoto akose chuo? Ukimtaja watasema huyo hapo baba, mtafuteni ajaze. Délio atajaza? Mtu aliyekimbia hata mahakama ya matunzo ya mtoto?"

"Nisamehe la mtoto kujua. Hilo nimekosa. Lakini kesho kutwa ni Alhamisi Kuu, Graça. Nitapigaje magoti?"

"Piga magoti yako!" Graça akachukua karatasi, akaacha kalamu.

Jioni ile Bi Deolinda alisali rozari nzima na hakupata nafuu. Ilikuwa rahisi kwa mjane mwenye pensheni kutunza roho yake safi kwa gharama ya mtoto wa mwenzake. Jambo hilo lilimchoma kuliko maneno ya Graça. Asubuhi alitoa daftari la kuandikia mahitaji ya dukani, akachana karatasi, akakaa dirishani. Hawezi kusema uongo, sawa. Basi ataandika ukweli, lakini auandike wote, asiwapunjie.

Aliandika kwa Kireno, herufi za darasa la nne, kubwa na zilizosimama wima. Alianza na ile siku ya Majilio kwa sababu ndiyo ilikuwa ngumu. Délio alibonyeza kengele za ghorofa zote tatu kwa sababu hakukumbuka wanakaa ipi. Juu hapakuwa na mtu. Yeye Deolinda alimfungulia. Alisimama ukumbini na mfuko mkononi, akauliza: Mtoto atakuwa na kumi na mbili sasa, siyo? Alikuwa na kumi na sita. Ndani ya mfuko mlikuwa na koti la baridi la mtoto wa miaka kumi. Hakuacha namba ya simu. Graça alilipeleka koti kanisani kwenye sanduku la nguo.

Alipofika hapo alidhani amemaliza, kumbe mkono ulikuwa ndio kwanza umepata moto. Akaandika Komunyo ya Kwanza ya mtoto na nani alikaa kwenye benchi la familia: Graça, na yeye Deolinda. Akaandika majira ya theluji kumi na moja na nani alishika koleo. Akaandika siku Noélia alipovunjika mkono, Graça yuko kiwandani, na jirani wa ghorofa ya pili ndiye aliyempeleka hospitali. Akaandika alivyosikia mashine ya kushonea kutoka ghorofa ya tatu Jumapili mchana, Mungu amsamehe Graça, kwa kuwa kodi haingoji Jumatatu. Karatasi sita, mbele na nyuma.

Jumamosi Noélia aligonga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu lakini amechana nywele.

"Mama hataki nije."

"Mama yako ana haki. Kaa." Akampa bahasha. "Nimeandika, na ile siku imo. Soma kwanza. Ukiona itakuharibia, ichane, wala sitakuuliza."

Kireno cha Noélia cha kusoma kilikuwa cha kuchechemea. Alikwenda kukaa kwenye ngazi, akasoma polepole, na Bi Deolinda akakata sukuma ile ile mara ya pili bila sababu. Ilipita nusu saa.

"Alidhani nina miaka kumi na mbili," Noélia akasema akirudi.

"Ndivyo alivyosema."

"Siku zote hizi nilikuwa nikijiambia labda alikuja kunitafuta, mkanificha." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Naipeleka hivihivi. Wakitaka kuisoma watafute mtu."

"Chuo cha wenye akili kitakosaje mtu wa kusoma Kireno?"

Hawakukosa. Jumatano ya wiki iliyofuata simu ililia, na sauti ya mwanamke, Kireno cha Kibrazili kilichojaa asali, ikasema inatoka ofisi ya misaada ya wanafunzi.

"Dona Deolinda? Nimesoma barua yako mara mbili. Nina swali moja. Tunapata barua nyingi zinazosema baba hajaonekana kabisa. Wewe kwa nini ulimtaja?"

"Kwa sababu alikuja, binti yangu."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nipo dirishani mpaka leo."

Mwanamke akacheka kidogo, akauliza tarehe mbili tatu, akashukuru. Hakuahidi lolote. Bi Deolinda alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukatwa.

Tarehe ishirini na sita Aprili alisikia miguu ikishuka ngazi, si ya mtu mmoja. Noélia alitangulia na simu yake. Nyuma alikuwa Graça, ambaye hakuwa amemsalimu tangu Wiki Kuu.

"Wameisamehe!" Noélia akasema. "Fomu ya baba wameifuta. Wamenipa ruzuku, bibi, ya kutorudisha, karibu ada yote na chumba. Kuna mkopo mdogo, na nitafanya kazi maktaba saa nane kwa wiki. Mama atalipa dola mia mbili kwa mwezi."

"Mia mbili nazimudu," Graça akasema, akitazama sakafu. Kisha akainua uso. "Ile ya kwangu ilikuwa na mistari minane. Sidhani kama ingetosha."

"Ilikuwa imepigwa chapa vizuri," akasema Bi Deolinda.

Graça akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Ila kila mwaka tunajaza upya," Noélia akasema. "Wanaweza kuuliza tena habari za baba."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

Bi Deolinda akapiga hesabu ya umri wake na ya magoti yake.

"Basi nitaishi minne," akasema, akasimama kutafuta vikombe.