Sahihi ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Alinilea tangu mama afariki, akanisomesha, na nilipopata kazi ya kuchora ramani za viwanja ofisi ya mipango miji, alinishonea mashati matatu. Majirani wakaniita Bwana Futi, eti siwezi kuingia nyumba ya mtu bila kupima kuta kwa macho.

Mwaka ule idara yetu ilitaka kugawa viwanja kwenye uwanda ulio nyuma ya mtaa wetu. Utaratibu ulikuwa wazi: kabla ya kuchora, waite wakazi, wasikilize, kisha mwakilishi wao atie sahihi kwamba wamesikilizwa. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nikaipiga danadana wiki ya kwanza, na ya pili pia. Watu wenyewe nawajua, nikajisemea, mkutano wao ni kelele tupu. Nikachora.

Mwakilishi wa wakazi alikuwa shangazi. Nilimkuta ameinamia sketi ya shule, pini mdomoni.

"Fomu ya nini, baba?"

"Ya ofisi tu, shangazi. Weka sahihi hapo chini."

Alitoa pini, akafuta mikono, akasaini. Hakusoma hata mstari mmoja. Angeisoma ya nini? Nimeileta mimi.

Siku ya kuonyesha ramani, watu walijaa kwenye darasa la shule ya mtaa hadi madirishani. Muuza mkaa alisogea ubaoni, akaitazama ramani kidogo tu.

"Hivi viwanja vinane vya chini mmeviweka kwenye njia ya maji," alisema. "Mvua ikikolea, pale panapita mto. Mlimuuliza nani?"

"Wakazi walisikilizwa," mkuu wangu wa idara alijibu, akainua fomu. "Mwakilishi wenu amesaini."

Darasa zima likamgeukia shangazi. Fomu ikapita mkono kwa mkono hadi kwake. Safari hii aliisoma, taratibu, kidole kikifuata maneno. Kisha akaniangalia.

"Sahihi ni yako?" muuza mkaa aliuliza.

"Ni yangu."

"Kumbe umetuuza, mama!"

Wakamrukia kwa maneno. Mmoja alimwita nyoka wa nyumbani. Shangazi alisimama, mkoba kifuani. Nami nilikuwa hatua sita tu kutoka kwake, nimekaa na ulimi wangu mzima kinywani, nikijifanya napanga kalamu mezani. Hadi leo nikikumbuka kalamu zile, masikio yananiwaka moto.

Siku ya tatu nilijikaza kwenda kwake. Wateja walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao, hata visivyokatwa. Aliniuliza kama nimekula. Afadhali angenizaba kofi.

"Kwa nini hukunitaja, shangazi?"

"Ningesema nini? Kwamba mtoto niliyemlea amenidanganya mbele ya cherehani yangu?" Alikata uzi kwa meno. "Kusema ni kazi yako. Mimi siwezi kukufanyia kila kitu."

Kesho yake nilimwambia mkuu wa idara kila kitu. Alifoka, halafu akaitisha mkutano mwingine na kuniambia nikaseme mwenyewe. Nilisema. Sauti ilinikatika mara mbili, na hakuna aliyenisaidia kuiokota. Nilipomaliza, muuza mkaa hakunijibu mimi. Alimwendea shangazi.

"Nawe ukakubali tukutukane bure?"

"Mlishatukana," shangazi alisema. "Sasa nendeni mkaonyeshe maji yanapita wapi."

Ramani ilifutwa. Wakazi waliutembea uwanda na mpimaji mwingine, asubuhi mbili, kabla mstari wowote haujachorwa. Muuza mkaa alionyesha mkondo. Mkunga akadai njia pana, mgonjwa aweze kubebwa. Viwanja vilipungua vinane, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikahamishiwa masjala kupanga mafaili.

Wateja wa shangazi walirudi mmoja mmoja, wengine kwa haya, wakileta hata nguo zisizohitaji kushonwa. Jumapili nakula kwake, tunacheka kama zamani. Ila mteja mgeni akiuliza kijana huyu anafanya kazi gani, shangazi hujibu, "Yupo ofisini," kisha anakanyaga cherehani kwa nguvu, swali la pili lisisikike.