Ngoma ya Kompyuta Mbili

Wiki nzima wateja walinisema kwa sababu ya kitufe.

Kitufe chenyewe ni kile cha kuanzia, kinachokaa ndani ya kioo cha kompyuta, ukingo wa chini. Katika mfumo wa zamani kilikuwa pembeni kushoto, na watu wa mtaa wetu wa Igogo walikizoea hapo kama mtu anavyozoea swichi ya taa ya chumbani kwake. Mfumo mpya ukakisogeza katikati. Basi mtu anaingia kwenye steshenari ya Mama Akelo kujaza maombi yake ya kazi, anakaa kwenye mashine yangu, anapeleka mshale kushoto, anabofya, kimya. Anabofya tena. Kisha ananigeukia kana kwamba nimemwibia.

"We Ng'washi, mmeifanya nini hii kompyuta?"

"Imepigwa mfumo mpya, kaka."

"Nani aliwaomba?"

Niliomba mimi. Mfumo wa zamani ulikuwa umefika mwisho wake. Walioutengeneza walishatangaza kwamba hawautunzi tena. Nilimsumbua Mama Akelo mpaka akamwita fundi Nathaniel, tena kwa sharti kwamba ajaribu kwenye mashine moja tu, yangu. Ile ya mwenzangu Masele ibaki ilivyo.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Nilichokitaka hasa ni programu ya kusanifu niliyojifunza chuoni, ambayo mfumo wa zamani uliikataa katakata. Tangu nipate stashahada yangu nilikuwa nasimama kwenye fotokopi nageuza vyeti vya watu, mbele nyuma, mbele nyuma. Siku Nathaniel alipomaliza kazi, niliifungua ile programu, ikafunguka, nikapiga yowe mpaka muuza samaki wa ng'ambo ya barabara akaja mbio kuuliza kama nimepigwa shoti. Wiki hiyo nikatengeneza kadi ya harusi, lebo ya chupa za asali na tangazo la saluni. Nilikuwa msanifu!

Ijumaa jioni Mama Akelo akavua miwani. "Jumatatu Nathaniel anarudisha ule wa zamani."

"Mama!"

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Wateja wote wanakimbilia kwa Masele. Mashine yako inakaa inapepesa macho kama bundi. Wewe utarudi kwenye fotokopi. Fotokopi haina mambo ya mifumo."

Masele akacheka hadi akashika kiti. Masele ni mtu wa Kisesa, amenitangulia kazini, na siku za mapumziko ni mpiga ngoma wa Wagika. Mimi kwetu ni Magu, na ukoo wetu mzima ni Wagalu. Usukumani makundi haya mawili ya ngoma hushindana kila baada ya mavuno. Wanacheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, na watazamaji wenyewe huamua kwa miguu yao. Watu wakihama kutoka kwa mwenzako kuja kwako, umeshinda. Wakikuacha ukabaki na wajomba zako tu, rudi nyumbani ukapalilie.

"Cheka, Mgika," nikamwambia. "Unaogopa nini? Tushindane kesho kama uwanjani. Tufungue pamoja, kila mtu na mashine yake. Watu watembee."

"Mimi niogope?" Masele akasimama. "Dada, mimi hata nikifumba macho naijua hii mashine. Kesho utalia machozi ya wino."

Mama Akelo alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Mimi Mjaluo wa Rorya, ngoma zenu sizijui. Lakini kuona watu wako wapi najua. Kesho jioni nikianza kufunga nitasimama mlangoni nitazame. Watu wakiwa kwa Ng'washi, mfumo mpya unakaa na Ng'washi anasanifu. Wakiwa kwa Masele, sitaki kusikia neno tena."

Jumamosi asubuhi nilipigwa vibaya. Masele alikaa kwenye kiti chake kama mtemi. Mtu anampa flashi, kabla hajamaliza salamu karatasi inatoka. Kila karatasi ikitoka, Masele anagonga meza kwa viganja, tu-tu-ndi, na foleni yake inacheka. Kwangu walikuja wawili tu, na mmoja alikuwa anauliza choo.

"Ng'washi," Masele akaita kwa sauti ya kanisani, "hicho kitufe chako kimehamia mtaa gani leo?"

"Kimehamia mjini. Chako bado kiko shamba."

"Shamba ndiko kwenye chakula, dada!"

Foleni ikashangilia. Nikauma mdomo. Nilijua nina kitu mkononi, ila sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Ndipo mchana akaingia mzee Malimi, kiongozi wa kundi la ngoma la akina Masele. Kofia yake ya manyoya ilikuwa kwapani, jasho usoni. Tukamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, marahaba," akapita moja kwa moja na kukaa kwenye kiti cha wateja kando ya Masele.

"Masele, mwanangu. Kesho tuna ngoma Kisesa na bango letu limeliwa na mchwa. Nataka jipya, na jioni hii niondoke nalo. Picha ziko humu." Akatoa flashi iliyofungwa kwenye leso.

Masele akaichomeka. Akabofya. Akabofya tena. Kioo kikamwambia kwamba mafaili hayo hakiyatambui.

"Mzee, hizi picha zimepigwa na simu gani?"

"Ya mwanangu wa Dar. Mpya kabisa."

"Ndiyo tatizo. Ni mpya mno."

"Sasa picha nayo inakuwa mpya mno, ngosha? Ni mkate huo?"

Watu wakacheka, na mara hii hawakuwa wanacheka pamoja na Masele. Alijaribu njia nyingine, akachomoa flashi, akaipuliza, akairudisha. Hola, hazikufunguka.

"Mzee Malimi," nikasema, "mashine yangu inazifungua."

Mzee akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe si wa Magu? Wa Wagalu?"

"Ndiye mimi."

"Mimi, kiongozi wa Wagika, nivuke uwanja mchana kweupe niende kwa Wagalu? Ili kesho wakaniimbe?"

"Usivuke, mzee. Kaa hapo hapo. Flashi ndiyo itavuka."

Mzee akafikiri, akaona sheria haijavunjwa, akaichomoa flashi kwa Masele, akanirushia. Nikaichomeka na picha zote zikafunguka kwa mkupuo, vumbi, njuga, miguu hewani. Kisha nikafanya jambo nililoligundua katikati ya wiki nikichokonoa mfumo ule mpya: nikabofya mara mbili na picha ya kwenye kioo changu ikaruka hewani bila waya wowote, ikatua kwenye runinga kubwa ya ukutani, ile Mama Akelo anayotazamia tamthilia.

"Mamaa!" mtu akasema. Foleni ya Masele ikageuza shingo.

Nikachagua picha ya kijana aliyeruka juu, magoti kifuani, meno yote nje. Nyuma yake kulikuwa na pikapu, nguzo ya umeme na mwanamke mwenye ndoo. Nikaiambia programu imkate kijana peke yake. Pikapu ikatoweka. Nguzo ikatoweka.

"Mtoe na huyo wa ndoo!" mmoja wa foleni akapaza sauti.

"Mwacheni, huyo shangazi yangu!" akasema mzee Malimi.

"Basi shangazi anacheza nafasi gani, mzee?" nikamuuliza.

"Mtoe, mtoe. Nitampelekea sukari."

Shangazi akaondoka. Nikaleta picha yangu ya mawe makubwa ya ziwani wakati maji yanang'aa asubuhi, nikaiweka nyuma ya kijana. Duka zima likaguna. Kijana alikuwa anaruka juu ya ziwa.

Hapo ndipo miguu ilipoanza kutembea. Sikuwaita. Mmoja alisogea aone vizuri, wa nyuma yake akasogea ili asizibwe, na wa barabarani wakaingia kuuliza kuna nini. Kila mtu akawa msanifu. "Maandishi mekundu!" "Mekundu ni ya saluni, weka manjano!" "Mkuze kijana!" Nilimkuza, wakapiga makofi. Muuza samaki aliingia na kisu chake mkononi akasema herufi ya kwanza imelegea, na kweli ilikuwa imelegea, nikaikaza. Sijawahi kufanya kazi yenye raha kama ile. Mikono yangu ilikuwa inacheza.

Kisha runinga ikazimika.

Nikatazama kioo changu. Kilikuwa cheusi, na katikati kulikuwa na duara dogo la nukta linalozunguka, na chini yake asilimia moja. Tangu Jumatano mfumo ulikuwa unaniomba ruhusa ya kujisasisha, na kila ukiomba nabofya "baadaye". Sasa ulichoka kuomba.

"Imekufa!" mtu akasema.

"Haijafa, inajisasisha. Subirini kidogo."

"Aliyekwama aje huku!" Masele akaruka kitini, na sasa alipiga meza kwelikweli, mdundo wa uwanjani, mzito, na juu yake akaimba: "Mpya imelala, mpya imelala, mleteeni blanketi!"

Walicheka sana. Mmoja akarudi upande wake, akafuata wa pili. Niliona fotokopi kule pembeni imenyamaza, inaningoja. Lakini mimi nimezaliwa kwenye ngoma, na najua manju hufanya nini ngozi ya ngoma yake ikipasuka katikati ya wimbo. Anaiba mdundo wa jirani.

Nikageuza kioo kiwaelekee watu, kimekaa upande ili nami nikione. Nikasimama juu ya kiti. Nikasikiliza viganja vya Masele, nikaingia katikati yake.

"Imelala wapi, inavaa njuga! Imelala wapi, inavaa njuga! Kumi na mbili!"

"Kumi na mbili!" muuza samaki akaitikia, kisu juu.

"Inafunga kiuno! Ishirini!"

"Ishirini!"

Aliyekuwa amerudi kwa Masele akageuka tena. Masele aliongeza kasi ili anichanganye, nami nikapanda na kasi yake, na kila alivyozidi kupiga ndivyo watu wangu walivyozidi kuitikia. Akiacha, atakuwa ameshindwa na mwanamke kwa pumzi. Asipoacha, ananipigia ngoma. Nilimwona akilitambua hilo, jasho likimtiririka, na nilimwona akicheka, maana mpiga ngoma akishanogewa hawezi kusimama.

Kwenye thelathini ikakwama. Tuliimba thelathini mpaka sauti zikakauka. Mtoto mgongoni mwa mama yake akasema "thelathini" vizuri kabisa. Halafu, pasipo onyo, ikarukia sitini na nane, na kelele iliyotoka pale nadhani ilisikika mpaka mtaa wa Kirumba.

"Themanini!"

"Themanini!"

"Inaingia uwanjani! Tisini na tisa!"

Kioo kikawa cheusi tii. Viganja vya Masele vikaganda hewani. Mashine ikawaka buluu, ikanikaribisha kwa jina, nikafungua programu. Ikauliza kama nataka kurudishiwa kazi ambayo haikuhifadhiwa.

"Nataka!" nikaijibu mashine kwa sauti, kama bibi harusi.

Kijana akarudi. Mawe, ziwa, maandishi ya manjano, herufi ya kwanza imekazwa. Nikarusha picha ukutani na watu wakarukaruka kama yule wa kwenye bango.

Mama Akelo alikuwa mlangoni, komeo mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu asilimia ngapi. Alitazama upande wangu, ambako muuza samaki alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua. Katikati ya watu hao alimwona Masele, viganja vyekundu, akimwelekeza mwenzake atazame vumbi la miguuni mwa kijana lilivyokaa vizuri. Kisha akatazama mashine ya zamani. Kando yake alikuwa amekaa mzee Malimi peke yake, mgongo wima, kofia magotini.

"Masele," Mama Akelo akasema, "kumbe mpiga ngoma mwenyewe umehama?"

Masele akajitazama miguu. "Nilikuja kuangalia tu, mama."

"Hata hao wengine walikuja kuangalia tu. Na wewe mzee, ndiye pekee uliyebaki na mfumo wa zamani?"

"Mimi usinihesabu," akasema mzee Malimi. "Miguu yangu ni ya Kigika, haivuki. Macho yalishavuka zamani."

Mama Akelo akaweka komeo juu ya kaunta. Alijaribu kununa, akashindwa. "Jumatatu Nathaniel anakuja kama tulivyopanga," akasema. "Ila atapiga mfumo mpya kwenye hiyo mashine ya Masele. Ng'washi, shuka kwenye kiti changu. Msanifu hasimami juu ya viti."

Nikashuka. Mama wa yule mtoto alikuwa tayari ameshika ukingo wa meza yangu, na nyuma yake kulikuwa na foleni mpaka barabarani.

"Kuna ubatizo wa huyu," akasema, "nataka kadi. Na yeye umweke juu ya ziwa."