Jiwe Lililohama kwa Hiari

Jumatatu moja ya mwezi wa nane, mwaka 1974, karani Yahaya wa Ng'ambo, Tabora, aliweka meza yake kando ya barabara huku Nzega, akachonga penseli, akaanza kuandikisha kijiji kipya. Fomu ilikuwa na safu moja tu: Waliohama kwa Hiari.

Benedikta alishushwa kwenye lori na chungu, kuku wawili na harufu ya moshi. Nyumba yake mgambo waliichoma asubuhi, asije akairudia. Nyumba haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kaburi la Masolwa, mwanawe, chini ya jabali la nyuma ya nyumba. Nani sasa atalipalilia? Alilia njia nzima, wala hakujificha.

"Shikamoo, mama. Kiwanja chako namba arobaini na sita."

"Marahaba, baba."

Kiwanja kilikuwa na mwenyewe. Jabali lake lilikuwa limeketi pale, lile lile, na vishimo vyake alivyozoea kusagia mtama. Mabwana wa madini walishasema: mawe ya huku yalikuwa uji wa moto chini ya ardhi, enzi hizo hata Adamu hajaumbwa, yakapoa polepole. Basi hili lilikumbuka. Lori lilipoondoka, jabali nalo likalainika, likatiririka kwa njia ya mkato, likawahi, maana lori lilipata pancha mara mbili. Njiani liliivisha mihogo shambani kwa Lugembe. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Lugembe akasema, akamenya.

Masolwa naye lilikuwa limembeba tumboni. Benedikta alilipapasa mpaka akapata mahali penye joto, upana wa mgongo wa mtoto. Akaacha kulia.

Yahaya alikuna kichwa. "Waraka unasema aliyetangulia ndiye mwenye kiwanja, mama." Akaandika: Jiwe, mkuu wa kaya. Benedikta, mgeni wake.

"Na mwanangu Masolwa, wa miaka minne?"

Akaandika: Masolwa, miaka minne.

"Hapo juu pameandikwa nini, baba?"

"Waliohama kwa hiari."

"Aliyehama kwa hiari ni jiwe. Mimi nimechomewa nyumba."

"Kweli kabisa, mama," alisema Yahaya, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na ukweli. Ila safu ilikuwa moja, akamwacha humo humo. Lori likageuka kwenda kuwachukua wengine.