Vifundo Vitatu vya Mama Sesilia

"Polepole, mama, tawi hilo litavunjika!" Titus alisema mlangoni.

Sesilia hakuhitaji kuambiwa. Aliinamisha shina kama mtu anavyoinamisha kichwa cha mtoto mchanga akimwosha, akalipitisha chini ya uzi, likachomoza kwenye jicho la pili la wavu. Bila wavu maua yale mazito yangelala chini. Pazia la chumba hicho cha juu, hapo Thamesmead, ugenini kwenye baridi, lilikuwa limepigiliwa misumari, na taa ziliwaka joto la kwao Uvira.

"Ni maua tu," Titus alimwambia mwaka uliopita, naye akaamini, maana ni Titus aliyeleta maua ya altare kanisani kwao kila Jumapili. Akamfumia wavu wa uzi wa kijani, macho yake upana wa kiganja, kama marehemu mumewe alivyomfundisha. Siku ya kuutandaza ndipo pua ilipomwambia. Bangi haina siri. Angeweza kuuweka uzi chini siku ile ile. Lakini barua zake zote za kuomba ukimbizi aliziandika Titus, na jibu lilikuwa halijafika. Akanyamaza. Huu ulikuwa wavu wa nne.

Kila pembe aliimaliza kwa vifundo vitatu: Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Vidole havikujua kumaliza vingine. Alipomaliza wavu, akafunga na vifurushi vya bangi kavu vya wateja, kama kawaida, kwa uzi ule ule na vifundo vile vile.

"Wateja wananung'unika, mama. Mpaka wachukue kisu!" Titus akacheka. "Wewe unayabariki maua haya."

Sesilia hakucheka. Alinawa kwa sabuni ya vyombo, akasugua kwa ndimu, akanusa, akanawa tena.

Nyumbani alimkuta Josée, mwenzake wa kwaya, amesimama mlangoni na koti limefungwa vifungo kombo. Kila Ijumaa walimwombea Aristote, mwana wa Josée, ambaye tangu Pasaka alikuwa akizungumza na ukuta. Na kila Ijumaa Sesilia alisali mikono yake ameificha ndani ya mikono ya sweta.

"Leo wamempeleka hospitali, yaya, dada yangu," Josée alisema. "Hakunijua. Mimi, mama yake! Aliniita bibi wa posta."

"Yesu wangu. Ingia, ukae."

Josée hakukaa. Alitoa kifurushi mfukoni, akakiweka mezani kando ya Biblia. Uzi wa kijani, vifundo vitatu. "Kilikuwa chini ya kitanda chake. Nimevunja kucha mbili nikijaribu kukifungua. Nataka kuona ni nini kimemla mtoto wangu. Nani anafungaka kitu hivi, sawa mtu anayesali?"

"Lete," Sesilia akasema.

Kidole chake hakikutafuta. Kilikwenda moja kwa moja kwenye kifundo cha kati, kile cha Mwana, kikakisukuma nyuma kidogo, na vyote vitatu vikalegea mara moja.

Karatasi ilifunguka yenyewe mezani. Josée hakuitazama. Alikuwa akitazama vidole.