Theluji ya Protasi

Mume wangu Protasi ana theluji yake. Alirudi nayo kutoka ukimbizini Tanzania, ambako ujanani alikuwa mpagazi kwenye Mlima Kilimanjaro, na tangu hapo amewalisha nayo watu wote wa Minago, kijiji chetu huku Burundi kando ya Ziwa Tanganyika. Kila tunapokamua mawese kinuni, chikichi zikiwa bado zinachemka kwenye pipa, yeye huvuta kiti na kuanza kusimulia alivyoipita hadi kileleni. Mwaka tuliooana theluji ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Alipozaliwa binti yetu Ineza ikawa imepanda hadi magotini. Siku hizi iko kiunoni, na mimi nachochea moto na kunyamaza, maana mume akisifiwa, mke naye anaokota heshima kidogo.

Shida ni kwamba Ineza alikuwa akisikiliza. Sasa ni mwalimu Bujumbura, na likizo hii yeye na walimu wenzake wakaamua kwenda kupanda mlima huohuo. Protasi hakupata usingizi kwa furaha. Alimfundisha mtoto kutembea juu ya vipande vya barafu pale ufukweni wanapopakia samaki wa mikeke wa kupeleka mjini, wavuvi wakicheka hadi kushika mbavu. Kisha akamfungia chupa ya mawese apake viatu, eti maji ya theluji hayataingia kamwe.

Jana mchana Ineza akapiga simu. Protasi, kama kawaida yake, akaweka sauti ya juu ili kinu kizima kisikie.

"Papa, amahoro! Tuko kambi ya mwisho. Lakini mawese yako imenipatisha haya! Kila mahali nakanyaga, theluji inakuwa nyekundu. Gide wetu, ule anatuonyesha njia, alizani nimekatika muguu!"

Tulicheka sote. Jirani yetu Yonasi alicheka hadi akamwaga ndoo ya maji. Ineza mwenyewe hakucheka sana.

"Papa, sikiya. Theluji imeanguka usiku muzima. Njia haionekane tena, na chini yake iko barafu inateleza. Gide anasema turudi. Wenzangu wanamubembeleza twende tu. Wewe ulipita mu theluji ya kiuno, ukafika juu. Uniambie: nipande ao nishuke?"

Niliuacha moto nikasogea karibu na simu. Niliogopa, kwa sababu nilimjua binti yangu: baba yake akisema panda, atapanda. Na nilimjua mume wangu. Anapenda kusifiwa kuliko anavyopenda kula. Neno hilo moja tu, "panda", lingemwachia theluji yake yote mpaka kiunoni.

"Mwambie, muzee!" Yonasi akamchokoza. "Si ulipitaka wewe?"

Protasi alifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kwa kidole.

"Ineza, mimi sikufika kwenye theluji."

"Papa?"

"Nilikuwa nabeba sufuria za wapishi. Nilifika pale miti inaishia, kichwa ikaniuma, nikaanza kutapika, wakanirudisha. Theluji niliionaka kwa mbali tu. Usinisikilize mimi, mwanangu. Musikilize gide. Shuka."

Hakuna aliyecheka, hata Yonasi. Nilitamani kumpokonya simu nimpigie kelele mtoto ashuke, ashuke sasa hivi.

"Nitashuka," alisema Ineza. "Lakini Papa, nilitaka nikupigie foto pale ulisimamaka."

Protasi alisogeza simu karibu na mdomo.

"Basi ipige pale miti inaishia," akasema. "Pale nilisimama kweli."

Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, nimeyalimbikiza miaka yote ile. Sikuyatoa. Sijawahi kujivunia mwanamume huyu kama nilivyojivunia wakati ule, na nikamshika mkono, watu wote wakitazama.