Tundu Kwenye Bereti ya Babu

Hakuna mtu aliyemjua Sajini Peniasi kumshinda mjukuu wake Waisale. Aliyesema hivyo ni Waisale mwenyewe, tena mdomo umejaa muhogo, tangu jeneza liliposhushwa kutoka kwenye boti mpaka mikeka ilipotandikwa nyumbani.

"Niulizeni mimi," aliwaambia waliokuja msibani. "Alipenda nini, aliogopa nini, alikoroma kwa sauti gani. Bibi aliolewa naye tu. Mimi ndiye niliyemsoma."

Bibi, aliyekaa kichwani pa jeneza akifukuza nzi kwa pepeo la makuti, alimtupia jicho la pembeni. "Tafuna kwanza, profesa."

Tusimwonee, lakini. Kijana alikuwa na sababu za kujigamba. Mama yake alipokwenda mji mkuu, Suva, kutafuta maisha, aliyebaki kumlea ni Babu. Kila asubuhi mzee alimpigia shati pasi ya mkaa mpaka mkunjo ungeweza kukata mkate, kisha wakaongozana ufukweni hadi shuleni. Wakifika getini, sajini mzima anakakamaa na kumpigia saluti mtoto mwenye kamasi. "Koplo Waisale! Taifa linakutegemea!" Wenzake walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walianza kumwonea wivu.

Na jioni, hadithi. Siku zote hiyo hiyo: Lebanoni, enzi Babu alipokuwa mlinda amani huko, kwenye kizuizi cha barabara katikati ya mizeituni. Gari linakuja mbio, bunduki zinalia, mtoto amesahauliwa barabarani. Babu anatoka, anamkwapua mtoto, risasi inapita kwenye bereti yake ya buluu na kutokea upande wa pili. Hapo bereti yenyewe inatolewa sandukuni, na Waisale anaambiwa aingize kidole kwenye tundu.

"Hakuna kidole kingine kilichowahi kuingia humo," Babu alinong'ona. "Nikifa, hii ni yako."

Waisale alikua na tundu lile. Sekondari kule Suva, wenzake walipojisifu kwa magari ya baba zao, yeye alijisifu kwa tundu. Sasa bereti ilikuwa mikononi mwake, na Mjomba Ilaitia, msemaji wa ukoo, alikuwa amekwisha kata shauri: siku ya mazishi Waisale ataivaa, atatangulia mbele ya jeneza, kisha atasimama kanisani kusimulia maisha ya marehemu. Hotuba alikuwa nayo kichwani. Lebanoni peke yake ilichukua nusu.

Ndipo watani wakafika.

Watu wa kijiji cha Nukudamu ni watani wa kijiji cha Babu tangu mizimu ya mababu ilipokuwa ikitembeleana. Mtani hatukanwi akanuna. Akipenda kuku wako, kuku si wako tena. Akija msibani, analia kidogo, kisha anamsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Na akinyoosha mkono kuchukua kitu, anayemnyima amewaaibisha mababu wa pande zote mbili.

Aliyewaongoza alikuwa mzee Eroni, mwenye fimbo na koti la zamani la jeshi. Alianza kwa heshima zote. Alipiga magoti, akatoa jino la nyangumi, zawadi kuu ya heshima, kwa maneno ya kale, sauti ikamkatika njiani, akasubiriwa. Viganja vikapigwa, bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi cha heshima, likazunguka. Mzee akanywa, akafuta macho, akageukia jeneza.

"Ehee! Peniasi amelala chali? Tangu lini? Kule Lebanoni huyu alilala kifudifudi juu ya magunia ya mchele, tusidanganyane!"

Nyumba ikaangua kicheko. Hata Bibi mabega yalimtikisika.

"Magunia gani tena, babu?" Waisale akadakia. "Yeye alikuwa kwenye kizuizi cha barabara."

"Kizuizi! Labda kizuizi cha mlango wa ghala." Eroni aliwageukia watu. "Kijana, babu yako alikuwa bwana ghala. Ukitaka sabuni, Peniasi. Ukitaka soksi, Peniasi, na anakupa ya mguu mmoja ili urudi umsalimie tena. Bunduki yake ilizaa buibui!"

"Na hili je?" Waisale aliinua bereti, kidole kikichungulia tunduni.

Mzee Eroni alimsogelea. Aliinama na kuzitenga mvi zake kwa vidole. Katikati ya utosi palipita mstari mtupu, unang'aa, usioota unywele.

"Ingiza kidole na hapa, basi," alisema. "Bereti ni yangu. Mtoto nilimbeba mimi. Nimerudi kambini kichwa kimefungwa bendeji, babu yako ananirukia mbele ya kikosi kizima: 'Mtani, kofia naichukua!' Ningesema nini? Mtani akichukua, kachukua. Sikujua tu kwamba ameondoka na hadithi pia!" Akaligonga jeneza kwa fimbo. "Mwizi wewe! Leo nimefuata changu. Leteni!"

Waisale alisubiri mtu akanushe. Alimtazama Mjomba Ilaitia; Mjomba alikuwa akichekea ndani ya bakuli lake. Alimtazama shangazi; shangazi amejiziba mdomo kwa upindo wa nguo. Hapo ndipo alipoelewa. Walijua. Kijiji kizima kilijua, kikamwacha abebe tundu lile mpaka Suva na kulitangaza mabwenini.

"Aliniambia ni kidole changu tu," alisema.

Binamu yake Litia akainua chake polepole. "Hata mimi aliniambia hivyo."

"Bibi, ulijua?"

"Ulikuwa unaipenda sana hiyo hadithi, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Ningekunyang'anya vipi?"

Waisale aliinuka, bereti ngumini, akatoka nje. Vijana waliokuwa wakipasha mawe ya tanuri la shimoni walimpisha bila kuuliza. Kilichomchoma hakikuwa ghala. Bwana ghala ni mtu. Bila yeye jeshi lingepigana peku. Kilichomchoma ni kwamba mzee yule, aliyemkataza uongo hata wa kuku aliyetaga wapi, alimtazama machoni jioni baada ya jioni. Kama risasi ni ya kuazima, zile saluti za getini nazo zilikuwa za nani? Alijaribu kukumbuka jambo moja tu la Babu ambalo angeweza kuliapia, na kila alilolishika lilikuwa na tundu.

Aliporudi, mikono ilikuwa mitupu.

"Nimeitia motoni," alitangaza mlangoni. "Kofia ya mwongo. Mnaoitaka, chambueni majivu. Na kanisani tafuteni mwingine wa kuwasimulia. Mimi simjui marehemu."

Kicheko kilikatika kama uzi. Mjomba Ilaitia alikuwa amekwisha piga magoti, akipapasa mkekani kutafuta jino la nyangumi la kuombea radhi. Mtani amenyimwa, tena mbele ya maiti!

"Umeichoma?" mzee Eroni aliuliza taratibu. Kiganja chake kilikuwa juu ya ule mstari utosini. "Mjukuu wangu, mimi nilitaka niivae leo tu, wanicheke. Halafu nimvike yeye, azikwe nayo. Amekaa nayo miaka mingi kuliko mimi."

Waisale alikuwa bado na nafasi ya kuyarudisha maneno yake, hakuyarudisha. "Imeungua yote, babu. Ingekuwepo ningekupa."

Bibi hakuacha kupepea.

"Imeungua moto upi?" aliuliza. "Si nilitoka sasa hivi kufuata chumvi, nikakukuta nyuma ya tangi la maji umezika uso ndani yake, unainusa kama mtoto aliyeachiwa nguo ya mama yake? Geuka. Inua shati."

Waisale hakugeuka. Nyumba nzima ilimgeukia yeye, ikimtazama kiunoni, pale ukingo wa buluu ulipochungulia chini ya shati.