Vinu Viwili vya Tsirapan

Kimya kiliketi katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu kama mgeni asiyejua kuaga. Mji mzima wa Tsirapan tulikuwa pale chini ya paa la bati, shali mabegani, watoto mapajani. Kijana aliyetumwa na serikali ya jimbo akarudia swali lake: nani anatoa hoja kwamba mji huu ujitawale, upokee fungu lake la fedha wenyewe bila kupitia kwa meya wa manispaa?



Nilimsoma usoni: alishaamua kwamba hatutaki. Angejuaje? Kwetu sisi Wapurepecha, wenyeji wa asili wa nchi hii, anayesimama kusema jambo lifanywe ndiye anayekabidhiwa kulifanya. Ukisema chemchemi isafishwe, koleo ni lako. Ukisema mji ujitawale, baraza ni lako, bila mshahara, na biashara yako unaifunga kabisa, hata ndugu yako haigusi, asije mtu akasema unajinufaisha kwa cheo. Kwa hiyo wanaopinga ndio husema sana. Kupinga hakuna kazi.

Na Nicanor mwenye malori, rafiki mkubwa wa meya, alikuwa ameshapinga hadi sauti ikamkauka.

"Nchi ni moja, bendera ni moja! Leo mnataka baraza lenu, kesho mtataka pasipoti yenu! Na serikali mtaiendesha na nini, na masufuria?"

Asubuhi hiyohiyo, kinuni kwangu, masufuria na ndoo ndivyo vilivyokuwa vikitawala. Nilikuwa na kinu cha mota cha kusagia mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, ya mikate yetu ya kila siku. Nilikinunua baada ya mume wangu kuvuka mpaka kwenda kaskazini kutafuta kazi na kukawia huko hadi nikaacha kuuliza. Kinu kile kilikuwa mume wangu wa pili, na afadhali yeye: aliamka alfajiri, akanilisha. Kila mwanamke alipita na ndoo yake na habari yake, na hakuna la Tsirapan lililonipita, isipokuwa yale yaliyokwenda kusagwa ng'ambo ya barabara, kwa Ubalda, adui yangu mpenzi.

Siku ile kwangu na kwake yalisemwa maneno yaleyale. Fedha zinatoka serikali ya shirikisho, zinapita jimboni, zinapita kwa meya, na zikitufikia zimebaki kopo la rangi la kupaka kingo za barabara. Msitu wetu unakatwa mchana kweupe, na polisi wa meya wanawapungia mkono wenye misumeno. "Leo tutasema," waliapa, wamejitwika ndoo zao. "Leo lazima!"

Sasa, uwanjani, wote walikuwa wakitazama viatu vyao. Sikuwalaumu. Mimi pia nilikuwa nikitazama vyangu, na nilichokiona pale chini ni kinu changu kimefunikwa gunia, na wateja wangu wamejipanga mlangoni kwa Ubalda.

"Basi," kijana akasema, akifungua kalamu yake, "kama hakuna hoja..."

Magoti yangu yalisimama kabla yangu.

"Hoja ninayo mimi," nilisema. "Hatuitoki nchi, Don Nicanor. Bendera tunaijua, mdogo wangu, askari, alizikwa nayo. Na katiba ya nchi hiyohiyo inasema sisi wenyeji wa asili tuna haki ya kujitawala humuhumu ndani. Tumechoka kupeleka mahindi yetu kwenye kinu cha mwingine, unga ukirudi pungufu. Tutajisagia wenyewe. Ndiyo hoja yangu."

Uwanja ukapumua. Kisha nyuma kabisa ikapanda sauti, tamu kama sukari guru.

"Na mimi namtaja Librada aingie barazani. Mwenye kinywa kama hicho asiachwe akae bure!"

Ubalda, nani mwingine. Kicheko kilitikisa mabati. Niligeuka, nikamtafuta kwa macho.

"Asante, shoga. Nami namtaja Ubalda. Siwezi kazi bila mtu wa kunisema."

"We Librada! Mimi nina mgongo!"

"Barazani tunakaa, shoga. Utapumzika."

Mikono ikapanda, kwanza kwa hoja, kisha kwetu sisi wawili. Hata mke wa Nicanor aliuinua wake, taratibu, akitazama pembeni kama anayefukuza nzi. Na katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kwamba Tsirapan ilikuwa na vinu viwili tu.

Kijana alirudi baada ya wiki chache kutuletea hati ya kutambuliwa. Alifika asubuhi mapema, akatukuta mimi na Ubalda mlangoni mwa ofisi ya baraza. Mji ulikuwa ukikwaruza. Kila jiko, jiwe juu ya jiwe. Wanawake walikuwa wameyafukua mawe ya kusagia ya bibi zao kwenye mabanda ya kuku, na kila walipoinama walitutaja kwa majina, mimi na Ubalda, na mama zetu. Nicanor mwenyewe, nilisikia, alipigishwa magoti jikoni asage. Walitutukana hadi tukazoea. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kutuambia turudi vinuni.

"Sauti gani hiyo?" kijana akauliza.

Ubalda akajikanda kiuno. "Serikali hiyo, mwanangu. Imeanza."

Nilitia saini upesi. Nyumbani mahindi yangu yalikuwa yakiningoja, na mikono yangu ilikuwa bado haijalizoea jiwe.